Divisheni moja, milango tofauti: Soma matokeo ya mwanao kabla ya kuomba chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu za wazazi hazipumui. Shangazi anapiga, mjomba anapiga, jirani anachungulia dirishani, na wote wana swali moja: "Kapata divisheni gani?" Jibu likiwa divisheni wani, vigelegele. Likiwa divisheni three, watu wanashusha sauti na kusema, "Tumshukuru Mungu."

Katika nyumba nyingi mjadala unaishia hapo. Mzazi mwenye mtoto wa divisheni wani anaanza kumwita daktari, na mwenye mtoto wa divisheni three anaanza kuulizia vyuo vya cheti. Wiki chache baadaye yanakuja mambo yasiyotarajiwa. Wa divisheni wani hajaitwa popote, na yule wa divisheni three ana barua ya udahili mkononi.

Hakuna uchawi wala kujuana hapo. Vyuo vikuu nchini havidahili kwa divisheni. Vinatazama alama ya kila somo, vinatazama kozi iliyoombwa inataka masomo gani, kisha vinawapanga waombaji kwa nafasi zilizopo. Mzazi anayeelewa mambo hayo matatu anaweza kukadiria nafasi ya mwanawe akiwa amekaa sebuleni, kabla hajalipa hata shilingi moja ya ada ya maombi.

Jambo hili linamhusu mzazi kuliko anavyodhani. Matokeo hutoka mwezi Julai, wakati ambapo vijana wengi wako kambini kwa mafunzo ya JKT ya mujibu wa sheria na simu wanaishika kwa kubahatisha. Mara nyingi anayeyaona matokeo kwanza, na anayekimbia steshenari kuulizia maombi, ni mzazi au kaka mtu. Akikosea kuyasoma, mtoto anaweza kupoteza mwaka mzima.

Pointi ni za aina mbili

Chanzo cha kwanza cha mkanganyiko ni neno "pointi". Linatumika kwa hesabu mbili zinazokwenda kinyume.

Hesabu ya kwanza ni ya Baraza la Mitihani, NECTA. Hapa A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Zinajumlishwa pointi za masomo matatu ya kombi, na kadiri jumla inavyokuwa ndogo ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri. Pointi 3 hadi 9 ni divisheni wani, 10 hadi 12 ni two, 13 hadi 17 ni three, 18 na 19 ni four, na 20 au 21 ni ziro. Masomo ya nyongeza kama GS na BAM hayamo kwenye hesabu hii.

Hesabu ya pili ni ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na ndiyo inayotumika kwenye udahili. Hapa A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kadiri pointi zinavyokuwa nyingi ndivyo mwombaji anavyokuwa vizuri. Alama kuanzia A hadi E ndizo zinazohesabiwa kuwa ufaulu mkuu, ule ambao wanafunzi huuita prinsipo. S si prinsipo.

Kwa hiyo mzazi akisikia kwamba kozi fulani inataka "pointi sita", asirukeruke kwa furaha eti mwanawe ana tisa. Aulize kwanza: sita za nani? Sita za NECTA ni ufaulu wa hali ya juu sana, kwa mfano B tatu. Sita za TCU ni D tatu.

Divisheni three mbili zisizofanana

Kigezo cha jumla cha kuingia shahada ya kwanza kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016 ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0 za TCU, kutoka katika masomo mawili ambayo kozi husika inayatumia kudahili. Maneno hayo ya mwisho yashike vizuri. Si masomo mawili yoyote, ni yale ambayo kozi imeyataja.

Sasa tuseme kuna watoto wawili waliosoma kombi moja, na wote wamepata divisheni three ya pointi 14.

Wa kwanza ana D, E na E. Kwa NECTA ni 4 na 5 na 5, jumla 14. Ana prinsipo tatu, hana S wala F. Nyumbani wanasema mtoto kafaulu masomo yote, na ni kweli. Lakini masomo yake mawili bora ni D na E. Kwa TCU hizo ni 2 na 1, jumla pointi 3. Hajafika 4.0. Mlango wa shahada kwa njia ya moja kwa moja umefungwa.

Wa pili ana C, E na S. Kwa NECTA ni 3 na 5 na 6, jumla 14 vilevile. Nyumbani wanasikitikia ile S. Lakini C na E kwa TCU ni 3 na 1, jumla pointi 4. Kigezo cha jumla amekifikia, ilimradi masomo hayo mawili ndiyo yanayotakiwa na kozi anayoiomba.

Ongeza mtoto wa tatu mwenye D, D na F. Kwa NECTA ana pointi 15, na amebeba F kabisa. Ukiwapanga kwa divisheni, huyu ndiye wa mwisho. Lakini D mbili ni pointi 4 za TCU, naye anaweza kuomba shahada, wakati yule wa kwanza mwenye prinsipo tatu hawezi.

Ndiyo maana karatasi ya matokeo isomwe somo kwa somo. Divisheni inakupa jumla tu.

Tahadhari moja kwa familia zenye watoto wakubwa. Waliomaliza kidato cha sita mwaka 2014 na 2015 walipangiwa alama kwa mizani nyingine, iliyokuwa na B+ katikati, na kwao kigezo cha TCU kiliandikwa tofauti. Usimpime wa mwaka huu kwa cheti cha kaka yake wa wakati ule. Ni debe na kibaba.

Wani isiyofungua mlango wa udaktari

Kigezo cha jumla kikishavukwa, kuna kigezo cha kozi. Hapa ndipo wenye divisheni wani wanapojikwaa.

Chukua udaktari wa binadamu, kozi inayotajwa katika karibu kila nyumba yenye mtoto wa PCB. Miongozo ya TCU ya miaka ya karibuni inataka prinsipo tatu katika Fizikia, Kemia na Biolojia, na kwa vyuo vingi kiwango cha chini kimekuwa D katika kila somo kati ya hayo, yaani pointi 6.

Mtoto mwenye A ya Biolojia, C ya Kemia na E ya Fizikia ana pointi 9 za NECTA. Hiyo ni divisheni wani. Kwa TCU pia ana pointi 9, tatu zaidi ya zile sita. Lakini ile E ya Fizikia inamzuia mlangoni, kwa sababu D katika kila somo ni sharti, na A ya Biolojia haiwezi kulifidia. Mwenzake mwenye D tatu ana divisheni two ya pointi 12, na kwa sifa za chini yeye ndiye anayeruhusiwa kuomba.

Masharti madogo ya namna hii yamejaa kwenye kozi nyingine. Baadhi ya kozi za biashara na uhasibu zinasema kwamba mwombaji ambaye hakusoma Hisabati ya juu kidato cha sita awe na angalau S ya BAM, au awe amepata alama fulani ya Hisabati kidato cha nne. Nyingine zinadai ufaulu wa Kiingereza katika ngazi mojawapo. Kwa hiyo cheti cha kidato cha nne, ambacho wengi wamekwishakihifadhi kwenye sanduku la nguo, kitolewe na kiwekwe mezani kando ya matokeo mapya. Na yale masomo ya BAM ambayo mtoto aliyachukulia kama ya kujaza ratiba, sasa yanaweza kumfungulia kozi au kumfungia.

Kuvuka mlango si kupata kiti

Tumrudie yule mwenye D tatu. Ameruhusiwa kuomba udaktari. Je, atachaguliwa?

Sifa ya chini ni kama nauli ya kupanda basi. Usipokuwa nayo hupandi. Ukiwa nayo, bado kuna suala la viti, na walioko mbele yako kwenye foleni. Kozi yenye waombaji wengi kuliko nafasi huanza na wenye alama za juu na kushuka mpaka viti viishe. Kwenye udaktari, ambako vijana wenye A na B huomba kwa wingi, mwenye D tatu yuko mwisho kabisa wa foleni, ingawa anayo haki ya kupanga.

Wazazi wengi hawatofautishi maneno mawili: "ana sifa" na "ana nafasi". La kwanza linajibiwa na kitabu. La pili linategemea walioomba mwaka huo, na hakuna mtu, si mwenye steshenari wala "mtu wetu wa ndani pale chuoni", anayeweza kulihakikisha kabla majina hayajatoka. Anayekuambia kwa elfu hamsini atamwingiza mwanao kwenye kozi ambayo hana sifa, anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Majina ya waliochaguliwa hupitia TCU kuhakikiwa, na asiye na sifa hukwama huko.

Mahali pa kupata ukweli

Kila mwaka TCU hutoa mwongozo wa udahili na kuuweka kwenye tovuti yake bila malipo. Kuna wa wenye kidato cha sita na kuna wa wenye stashahada na sifa zinazolingana nayo. Hakikisha unasoma unaokuhusu, na uwe wa mwaka huu. Ule wa mwaka jana unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp unaweza kuwa umepitwa, kwa sababu vyuo hubadili masharti na idadi ya nafasi.

Mwongozo ni mrefu, lakini mzazi haulazimiki kuusoma wote. Tafuta chuo, kisha kozi. Kwenye jedwali utakuta jina la kozi na namba yake, masharti ya masomo, pointi za chini ambazo chuo kinataka, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Safu hizo chache ndizo za kukadiria.

Safu ya nafasi ndiyo inayorukwa na wengi. Kozi yenye nafasi chache na kozi yenye nafasi mia kadhaa zinaweza kuwa na pointi za chini zinazolingana, lakini ukali wa ushindani si mmoja. Safu ya miaka nayo ina lugha yake. Udaktari ni miaka mitano, na baada yake kuna mwaka wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Uhandisi ni minne. Kozi nyingi nyingine ni mitatu. Kila mwaka unaoongezeka ni ada, chumba na chakula.

Kukadiria kwa karatasi na kalamu

Tuchukue mfano. Mtoto wa PCB ana Biolojia B, Kemia C na Fizikia C. Kwa NECTA ni pointi 8, divisheni wani. Kwa TCU ni 4 na 3 na 3, jumla 10. Anautaka udaktari.

Hatua ya kwanza: pitia masharti somo kwa somo. Ana zaidi ya D kila mahali. Amevuka.

Hatua ya pili: pima nafasi iliyopo kati ya alama zake na kiwango cha chini. Kiwango ni 6, yeye ana 10. Amekipita kwa pointi nne. Lakini kileleni ni 15, yaani A tatu, na kati ya 10 na 15 kuna vijana wengi wa nchi nzima. Yuko katikati ya foleni, si mbele.

Hatua ya tatu: tazama chuo. Chuo kikongwe cha Dar es Salaam kama Muhimbili huvuta waombaji kutoka kila mkoa. Lakini udaktari haufundishwi Muhimbili peke yake. Unafundishwa Moshi, Mwanza, Dodoma, Mbeya, Ifakara na Zanzibar pia. Vingine ni vya umma na vingine ni binafsi, na shahada ni ileile. Familia inayosema "Muhimbili au basi" imejipunguzia nafasi yenyewe. Kabla ya kuandika chuo binafsi kwenye orodha, hata hivyo, tazama ada yake ya mwaka na uizidishe kwa mitano.

Hatua ya nne: andika kozi za jirani. PCB inafungua pia famasia, uuguzi, maabara ya tiba, afya ya mazingira, lishe, tiba ya mifugo pale Sokoine Morogoro, na ualimu wa sayansi. Mwulize mtoto ni ipi kati ya hizo angeisoma kwa moyo kama udaktari ungekosekana. Jibu lake liandikwe, hata kama halimfurahishi baba.

Sasa zigawe katika mafungu matatu. Fungu la juu ni kozi anazozitamani ambazo waombaji wengi wanaweza kuwa na alama kumzidi. Fungu la kati ni zile ambazo alama zake zimekipita kiwango cha chini kwa kutosha na nafasi si haba. Fungu la chini ni zile ambazo alama zake ziko juu kabisa ya zinazotakiwa na nafasi ni nyingi. Mwombaji makini huwa na angalau kozi moja katika kila fungu.

Kosa la wenye alama nzuri ni kujaza fungu la juu tupu: udaktari hapa, udaktari pale, udaktari kule, vyote vyuo vinavyogombewa. Kosa la wenye alama za kawaida ni kujaza fungu la chini tupu kwa woga, kumbe kulikuwa na kozi ya kati ambayo mtoto angeipata. La kwanza linaleta mshangao, la pili linaleta majuto ya miaka mitatu.

Maombi, awamu na namba ya uthibitisho

Tangu 2017 mwombaji huomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, tofauti na mfumo wa zamani wa pamoja uliokuwa ukiendeshwa na TCU. Faida yake ni uhuru wa kuchagua. Hasara yake ni kwamba kila chuo kina fomu yake mtandaoni, ada yake ya maombi na akaunti yake ya kukumbuka. Weka bajeti ya vyuo viwili au vitatu vilivyofikiriwa, badala ya kutawanya hela kwenye vyuo saba.

Kama maombi yanafanyika steshenari, simama pale. Namba ya simu na barua pepe zinazoandikwa ziwe za mtoto au za mzazi, zisiwe za kijana wa kompyuta. Neno la siri liandikwe kwenye daftari la nyumbani. Taarifa zote za baadaye zitakwenda kwenye namba hiyo, na kijana wa steshenari ana wateja wengi.

Udahili hufanyika kwa awamu. Asiyechaguliwa awamu ya kwanza anaweza kuomba inayofuata, kwenye kozi ambazo bado zina nafasi. Hapo usirudie kozi ileile iliyokwishajaa. Angalia orodha ya zilizobaki na urudi kwenye karatasi yenye mafungu matatu.

Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa kutumia namba maalumu anayotumiwa, na ndani ya muda uliotangazwa. Kila mwaka wako wanaokaa wakisubiri chuo cha ndoto kiwaongezee neno, muda ukawapita. Ukiwa na barua mbili, jadilini usiku huohuo, muamue, mthibitishe.

Na kabla ya kuthibitisha, hakikisha chuo na kozi vinatambuliwa na TCU. Mwaka 2017 tume ilizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya. Tangazo zuri la redioni si kibali.

Kudahiliwa na kulipiwa ni mambo mawili

Wapo wazazi wanaoamini kwamba mtoto akichaguliwa chuo kikuu, bumu linafuata lenyewe. Mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, una maombi yake, nyaraka zake na tarehe zake. Bodi hutazama uhitaji wa familia na vipaumbele vya kozi. Alama nzuri peke yake hazitoshi kuleta mkopo, ingawa kwa wanaofanya vizuri sana kwenye sayansi kuna Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023.

Kwa hiyo kwenye karatasi yenu ya mafungu matatu, ongeza safu ya mwisho: tukikosa mkopo, kozi hii tunaimudu? Kama jibu ni hapana kwenye kila mstari, tafuteni mstari mmoja ambao jibu lake ni ndiyo. Barua ya udahili isiyolipika inauma kuliko kukosa.

Mlango wa mbele ukifungwa

Yule mwenye D, E na E hajaishiwa. Ana njia, na kila moja ina bei yake ya muda.

Ya kwanza ni stashahada. Mwenye prinsipo moja na S moja anaweza kuingia kozi nyingi za stashahada zinazosimamiwa na NACTVET. Akimaliza akiwa na wastani wa GPA 3.0 au zaidi, pamoja na ufaulu wa masomo yanayotakiwa kidato cha nne, anaweza kuomba shahada kwa sifa linganifu. Njia ni ndefu, lakini anafika akiwa na ujuzi mkononi, na katikati ya safari anaweza kuajiriwa. Kwenye afya, ufundi na kilimo, wengi wamepanda kwa ngazi hiyo.

Ya pili ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hii inafaa pale ambapo somo moja ndilo lililozuia, kama ile E ya Fizikia, na mtoto mwenyewe yuko tayari. Haimfai mtoto aliyechoka anayerudishwa darasani kwa nguvu ya baba.

Ya tatu ni programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambayo anayeimaliza kwa viwango vilivyowekwa anaweza kuomba shahada.

Na ipo njia ya nne, ambayo haina gharama: kubadili kozi. Aliyezuiwa na Fizikia kwenye udaktari anaweza kuwa na sifa kamili kwenye kozi inayotazama Biolojia na Kemia. Kwa pointi zilezile 9 ambazo hazikumfaa kule, huku anaweza kuwa mbele ya foleni.

Mwenye matokeo ni mtoto

Yote haya ni hesabu, na hesabu ina kikomo. Mwenye kukaa darasani miaka mitatu au mitano ni mtoto. Mzazi anayemsukuma kwenye sheria kwa sababu jina lake linapendeza harusini, wakati alama na moyo wa mtoto viko kwenye takwimu, anajenga nyumba juu ya mchanga.

Maneno ya siku ya matokeo hukaa muda mrefu. Mtoto aliyepata chini ya matarajio anajua. Hana haja ya kukumbushwa ada ya shule wala kutajiwa mtoto wa jirani. Anachohitaji ni mtu mzima mwenye utulivu wa kusema, "Lete karatasi tuone milango iko wapi." Na aliyepata divisheni wani naye anahitaji mtu huyohuyo, wa kumwambia mapema kwamba E moja inaweza kufunga kozi anayoiota, ili asije kuzimia jina lisipoonekana.

Jioni ya matokeo, basi, baada ya simu za pongezi na za pole kupungua, chukueni daftari. Andikeni kila somo na alama yake, na kando yake pointi za TCU: A tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Chini yake andikeni alama za kidato cha nne za Hisabati, Kiingereza na sayansi. Fungueni mwongozo wa mwaka huu kwenye simu, muanze na kozi tatu tu. Kama kijana yuko kambini, ukurasa huo umsubiri, na siku atakapopata simu usimwulize divisheni, anaijua. Msomee mistari mitatu mliyoiandika, kisha mwulize yeye angeongeza upi.